Ufunguo, Muhuri na Kauli ya Siri: Maelezo ya Kuingia katika Seva ya Nyumbani

Kazi ya kukusanya maneno ya lugha haikamiliki mpaka yale yaliyokusanywa yamewekwa mahali pa salama. Zamani mahali hapo palikuwa sanduku la kadi, au kabati la chuma, au chumba cha maktaba chenye mlinzi. Siku hizi aghalabu ni seva ya nyumbani, yaani kompyuta ndogo iwakayo usiku na mchana pembeni mwa chumba, ambamo mna sauti zilizorekodiwa, picha za miswada, na orodha za msamiati wa miaka mingi. Mwenye seva hiyo huiendea kutoka kompyuta nyingine, awe yu chumba cha pili au yu safarini, kwa njia iitwayo SSH.

Njia hii ni ya kuaminika, lakini mlangoni pake hutokea mashaka yanayowasumbua wengi. Mtu mwenye ufunguo halali huulizwa siri ambayo hakumbuki kuiweka. Au huandika siri sahihi akaambiwa si sahihi. Au hukataliwa bila kupewa sababu. Akiisha kuchoka, hufanya moja ya makosa mawili: ama huiondoa kabisa kauli ya siri inayoulinda ufunguo wake, ama huiamuru seva ipokee nenosiri la mtu yeyote ajaye kutoka mtandaoni. Kwa kosa la kwanza, mwizi wa kompyuta amekuwa mwenye nyumba. Kwa kosa la pili, mlango umewekwa wazi kwa wenye kubahatisha, nao hawalali. Sauti za wazee waliokwisha kufariki ni amana. Haifai zipotee kwa sababu ya swali moja lisiloeleweka.

Makala haya yakusudia kueleza maana ya maswali hayo, na utaratibu wa kuitafuta kasoro. Yaonyesha pia ya kwamba sehemu kubwa ya taabu hii si ya mitambo, bali ni ya majina.

1. Asili ya SSH

SSH ilitungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, katika nchi ya Finland. Jina lake la kwanza lafanana na hesabu ya Kiswahili, lakini ni jina la Kifini. Mwaka huo nywila za watumiaji zilikuwa zimeibwa katika mtandao wa chuo hicho na mtu aliyetega sikio katika nyaya. Jambo hilo halikuwa gumu, kwa kuwa njia zilizotumika kabla yake, kama vile telnet na rlogin, zilipeleka kila herufi kama ilivyoandikwa, nywila ikiwa miongoni mwake. SSH ilikuja kufanya mambo mawili: kuyafumba mazungumzo yote yasisomeke njiani, na kumtambua aingiaye kwa hoja iliyo na nguvu kuliko neno la siri. Mwaka 1999 watu wa mradi wa OpenBSD walitoa OpenSSH, ambayo ndiyo itumikayo katika seva nyingi leo, na maelezo ya makala haya yaifuata hiyo.

Hoja yenyewe ni ya zamani kidogo. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walitangaza ya kwamba siri yaweza kujengwa juu ya jozi, kitu kimoja kikafichwa na cha pili kikatolewa hadharani bila hatari. Mwaka uliofuata Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wakabuni njia ya kuitimiza fikira hiyo kwa hesabu za namba kubwa.

2. Majina na maana zake

Kiingereza huviita vitu vyote viwili vya jozi hiyo kwa jina la ufunguo: mmoja wa hadhara, mwingine wa faragha. Majina haya yakitafsiriwa neno kwa neno huleta utata katika Kiswahili kuliko katika lugha yatokako. Neno ufunguo latokana na kitenzi fungua, ambacho ni kinyume cha funga, kama vile zibua kilivyo kinyume cha ziba, kunjua cha kunja, na tegua cha tega. Kwa hiyo sikio la Kiswahili husikia katika ufunguo kazi ya kufungua. Mtu akiambiwa ya kwamba lazima aupeleke ufunguo wake kwenye seva, huogopa, na ana haki ya kuogopa. Ni nani apelekaye ufunguo wa nyumba kwa watu? Wengine, kwa kutii bila kuelewa, wamepeleka hata ule wa faragha, na wakiisha kufanya hivyo jozi nzima yafaa kutupwa.

Waalimu wengine husema ya kwamba ufunguo wa hadhara afadhali uitwe kufuli, nao hawakukosa sana. Kufuli yaweza kugawiwa kwa yeyote na kutundikwa mlangoni pa kila seva, hali ufunguo umebaki mfukoni mwa mwenyewe. Mfano huo watosha kumwonyesha mtu kipi kikae wapi. Lakini hauonyeshi kinachotendeka. Katika SSH ufunguo wa faragha hauendi kufungua kitu chochote kwenye seva. Hautoki kabisa katika kompyuta ya mwenyewe. Unachofanya ni kutia sahihi juu ya maneno ya mazungumzo yale yale, nayo seva huilinganisha sahihi hiyo na kielelezo ilichonacho.

Kwa sababu hiyo, jina lililo karibu zaidi na ukweli ni muhuri. Mwenye barua huipiga muhuri nyumbani kwake. Muhuri haupelekwi, hupelekwa alama yake tu. Aipokeaye anayo nakala ya alama hiyo tangu zamani, naye akiona zalingana husadiki ya kwamba barua yatoka kwa mwenyewe. Ufunguo wa faragha ndio muhuri, na ufunguo wa hadhara ndio kielelezo cha kulinganishia. Tofauti ni moja: muhuri wa shaba waweza kuigizwa na fundi stadi aliyeiona alama yake, lakini muhuri huu wa hesabu haupatikani kwa kuitazama alama, hata ikitazamwa mara elfu.

Majina ya ufunguo yamekwisha kuenea, wala si lazima kuyapiga vita. Lililo la lazima ni kwamba atumiaye jina asidanganywe nalo.

3. Siri mbili, maswali matatu

Chanzo kikubwa cha mashaka ni hiki: ziko siri mbili zilizo mbali kwa asili, na zote mbili huombwa kwa namna moja, yaani mstari mmoja wa maandishi na nafasi isiyoonyesha kinachoandikwa.

Siri ya kwanza ni ile ifumbayo faili ya ufunguo wa faragha. Hapa itaitwa kauli ya siri, kwa kuwa yafaa iwe maneno kadhaa, si neno moja. Siri hii ni ya kompyuta iliyo mbele ya mtu. Seva haiijui, haijapata kuijua, wala haitumiwi. Siri ya pili ni nenosiri, au nywila, ya akaunti ya mtu katika seva. Hii seva yaijua, kwa kuwa inacho kitu cha kulinganishia. Iwapo zote mbili zitaitwa nenosiri, kama ifanyikavyo mara nyingi katika mazungumzo, mtu atajibu swali la nyumbani kwa jibu la ugenini, naye atakataliwa akidhani seva imeharibika.

Kioo chenyewe hutofautisha, kwa atakayesoma. Swali lianzalo Enter passphrase for key, likifuatwa na jina la faili kama id_ed25519, laulizwa na kompyuta ya mtu mwenyewe nalo lataka kauli ya siri. Swali lenye jina la mtumiaji na la seva, likiishia na neno password, lataka nywila ya akaunti. Swali la tatu huja baada ya kuingia, pale mtu atumiapo amri ya sudo ili apewe madaraka ya msimamizi. Hili nalo, kwa kawaida, lataka nywila ya akaunti. Ufunguo wa SSH hauhusiki nalo, ndiyo maana wengine hulalamika ya kwamba wametengeneza ufunguo na bado wanaulizwa siri.

Liko jambo moja lisilojulikana na wengi, nalo ni la faida kubwa. Kwa kawaida programu ya SSH huitangulizia seva ufunguo wa hadhara na kuiuliza kama yaukubali. Seva ikikubali, ndipo kauli ya siri huombwa, ili ufunguo wa faragha ufumbuliwe na kutia sahihi. Kwa hiyo mtu aulizwaye kauli ya siri amekwisha kutambuliwa upande wa pili. Kasoro yake, kama ipo, iko nyumbani. Hana haja ya kubadili lolote katika seva. Kinyume chake, mtu aliyeweka ufunguo, kisha akaulizwa nywila moja kwa moja bila kauli ya siri wala wakala, ajue ya kwamba ama ufunguo haukuonyeshwa, ama umeonyeshwa ukakataliwa.

Mambo haya mawili huchanganyika kwa namna hii. Mtu hukosea kauli ya siri mara tatu. Programu huuacha ufunguo huo na kuendelea na njia ifuatayo, ambayo aghalabu ni nywila ya akaunti. Mtu hadhani swali limebadilika, huandika tena kauli ile ile, safari hii kwa utulivu na bila kosa, naye hukataliwa. Hapo huapa ya kwamba kauli yake imebadilika yenyewe.

4. Utaratibu wa kuitafuta kasoro

Kasoro itafutwe kwa mpango, kutoka nyumbani kuelekea mbali, wala si kwa kubadili mambo matano kwa pamoja.

Kwanza, ihakikishwe ya kwamba kauli ya siri ni sahihi, bila kuihusisha seva. Amri ya ssh-keygen -y -f, ikifuatwa na jina la faili ya faragha, huomba kauli hiyo na kutoa ufunguo wa hadhara. Ikiutoa, kauli ni sahihi, na mstari uliotolewa waweza kulinganishwa na ule ulioko kwenye seva. Isipoutoa, kasoro imepatikana. Kauli iliyosahauliwa hairudishwi na fundi yeyote. Hutengenezwa jozi mpya. Kauli inayojulikana hubadilishwa kwa amri ya ssh-keygen -p, nayo seva haihitaji kuarifiwa, kwa kuwa muhuri ni ule ule. Kilichobadilika ni kasha lake.

Pili, itumike amri ya ssh -v, ambayo husimulia kila hatua. Msomaji atafute mistari miwili: Offering public key, yaani ufunguo umeonyeshwa, na Server accepts key, yaani umekubaliwa. Mstari wa kwanza usipokuwapo, ufunguo una jina lisilo la kawaida au uko mahali pasipotazamwa, nao hutajwa kwa alama ya -i au katika faili ya config. Wa kwanza ukiwapo bila wa pili, kasoro iko kwenye seva, au jina la mtumiaji ni la akaunti nyingine.

Tatu, zitazamwe ruhusa za faili. Katika mifumo ya Unix kusoma huhesabiwa 4, kuandika 2, na kutekeleza au kupita 1; tarakimu ya kwanza ni ya mwenyewe, ya pili ya kundi lake, ya tatu ya watu wote. Saraka ya .ssh yafaa iwe 700, na faili ya authorized_keys, ambamo funguo za hadhara zimeorodheshwa, iwe 600. Saraka ya nyumbani ya akaunti nayo isiandikwe na mtu mwingine. Mtu akiilegeza saraka hiyo kuwa 777 ili kurahisisha kazi nyingine, seva hukataa kuusoma ufunguo, na ina haki: orodha ambayo kila mtu aweza kuiandika si ushahidi wa lolote. Upande wa nyumbani pia, faili ya faragha isomekayo na wengine haitumiwi na programu.

Nne, itazamwe orodha yenyewe. Kila ufunguo wa hadhara ni mstari mmoja, hata ukiwa mrefu namna gani. Ukinakiliwa kutoka mahali palipoukata katika mistari miwili, hautatambuliwa. Amri ya ssh-copy-id huepusha kosa hili.

Tano, zisomwe kumbukumbu za seva. Kwa mgeni aliye nje seva husema neno moja tu, kwamba ruhusa imekataliwa. Haisemi kwa nini, maana sababu ingekuwa somo kwa mwizi. Lakini ndani huandika sababu kamili. Katika Debian na mifumo ya jamaa yake kumbukumbu hizo husomwa kwa amri ya journalctl -u ssh. Wengi husumbuka siku mbili nje ya mlango kwa jambo lililoandikwa ndani kwa mstari mmoja.

Sita, ukumbukwe umri wa ufunguo. Aina ya DSA iliachwa kupokewa bila agizo maalumu tangu OpenSSH 7.0 ya mwaka 2015, na tangu toleo la 8.8 la mwaka 2021 sahihi za RSA zitumiazo hesabu ya SHA-1 hazipokewi bila agizo maalumu. Ufunguo uliofanya kazi miaka mingi waweza kukataliwa asubuhi moja baada ya seva kusahihishwa. Dawa yake ni jozi mpya ya Ed25519.

Wakati wa kufanya mabadiliko haya yote, dirisha moja lililokwisha kuingia katika seva liachwe wazi mpaka dirisha jipya limeingia kwa ufunguo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ni baada ya hapo tu ndipo nywila za akaunti zizuiwe kwa agizo la PasswordAuthentication no.

5. Wakala

Mtu aulizwaye kauli ya siri mara ishirini kwa siku atashawishika kuiondoa. Dawa iliyowekwa kwa ajili hiyo ni wakala, yaani programu ya ssh-agent, ambayo huuhifadhi ufunguo uliofumbuliwa katika kumbukumbu ya kompyuta, wala si katika diski. Kauli huandikwa mara moja kwa amri ya ssh-add, na wakala hutia sahihi mpaka kazi ya siku imekwisha. Agizo la AddKeysToAgent yes katika faili ya config huufanya ufunguo uingie kwa wakala mara ya kwanza utumikapo.

Maswali yakirudi ingawa wakala yupo, iulizwe ssh-add -l. Ikitaja ufunguo, wakala anao. Ikisema haina, haukuingizwa. Ikisema haiwezi kumfikia wakala, dirisha hilo halijui wakala aliko. Jambo hili hutokea hasa kwa kazi zianzishwazo usiku bila mtu. Kwa kazi hizo, kama kunakili sauti kila alfajiri, hufaa ufunguo wa peke yake usio na kauli ya siri, lakini uliofungwa katika orodha ya seva kwa agizo la restrict na kuruhusiwa amri moja tu. Aibaye ufunguo huo ataambulia kazi hiyo moja.

Wakala naye ana kasoro ya ukarimu: huonyesha funguo zote alizonazo, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja huhesabiwa kuwa jaribio. Seva nyingi huruhusu majaribio 6 tu. Mwenye funguo nyingi hufukuzwa kabla ufunguo wa haki haujafikiwa. Agizo la IdentitiesOnly yes, pamoja na jina la ufunguo utakiwao, hukomesha jambo hilo.

6. Kauli ya siri katika Kiswahili

Yabaki kuulizwa kauli hiyo iweje. Wapenzi wa lugha huelekea methali, nao hukosea. Methali ni kauli ambayo nusu yake huiita nusu ya pili. Asikiaye haba na haba hana haja ya kungoja hujaza kibaba. Kadhalika ubeti maarufu. Urefu wake ni wa macho tu, kwa maana abahatishaye hujaribu kwanza maneno yajulikanayo.

Nguvu ya kauli ni kutotabirika kwa kila neno baada ya lililotangulia. Mwaka 1995 Arnold Reinhold alitangaza njia ya Diceware: orodha ya maneno 7,776, ambayo ni 6 ikizidishwa kwa 6 mara nne, na kila neno huchaguliwa kwa kutupa dadu mara tano. Maneno sita yaliyopatikana hivyo hayabahatishwi kwa umri wa mtu, na hukaririka kwa siku chache.

Orodha ya namna hiyo kwa Kiswahili yataka fikira za mwanaisimu. Maneno yasiwe umoja na wingi wa jina lile lile, kama kiti na viti, wala mnyambuliko wa kitenzi kimoja, kama piga na pigia, maana kumbukumbu huyachanganya. Yasiwe na tahajia mbili, wala yasiwe ya lahaja ambayo mwandishi huyaandika leo hivi na kesho vile. Kosa la herufi moja hapo si kosa la insha litakalosahihishwa kwa wino mwekundu. Ni mlango uliofungwa.

Kwa muhtasari, aulizwaye siri na aulize kwanza: ni nani aniulizaye, na siri ya nini? Kompyuta iliyo mbele yake ikimwomba kauli, seva haina lawama. Seva ikimwomba nywila, ufunguo wake haujakubaliwa, na sababu imeandikwa ndani. Lugha ikizipa siri hizi mbili majina mawili, nusu ya matengenezo imekwisha kufanyika kabla ya amri yoyote kuandikwa.